Kadi ya mtandao imebaki kwenye megabiti 100 na nusu-dupleksi

Swali

Ndugu wataalamu, naomba msaada wenu. Nina seva ya Debian (aina ya Linux) ambayo kila usiku hupeleka nakala rudufu kwenye mashine nyingine iliyo katika swichi (kifaa kinachounganisha mashine za mtandao) hiyo hiyo. Tangu tuihamishie kwenye kabati jipya, faili la gigabaiti 2 ambalo zamani lilimalizika kwa nusu dakika sasa linachukua zaidi ya saa nzima, ilhali ping (pakiti ndogo za kupima mawasiliano) inajibiwa vizuri bila pakiti hata moja kupotea. Amri ya `ethtool eno1`, inayoonyesha hali ya kadi ya mtandao iitwayo eno1, inaonyesha hivi:

`Speed: 100Mb/s`
`Duplex: Half`
`Auto-negotiation: on`
`Link detected: yes`

Kadi ina uwezo wa gigabiti 1. Nilipoilazimisha kwa `ethtool -s eno1 speed 1000 duplex full autoneg off`, mawasiliano yalikatika kabisa, ikabidi niende chumba cha seva kuyarudisha. Je, kadi imeharibika?

Jibu la kwanza

Ndugu, kadi yako ni nzima, usiibadilishe. Megabiti 100 zikiambatana na nusu-dupleksi (pande mbili kupokezana zamu za kutuma), huku upande wako ukiwa tayari kupatana (pande mbili kuafikiana zenyewe kasi na dupleksi, yaani `Auto-negotiation`), karibu kila mara maana yake ni kwamba tundu la swichi limefungwa kwa mkono kwenye megabiti 100 na dupleksi kamili (pande zote mbili kutuma kwa wakati mmoja). Tundu la namna hiyo halitangazi uwezo wake. Kadi huitambua kasi kutokana na mawimbi yenyewe, lakini dupleksi haina alama ya kuitambulisha, hivyo kanuni za Ethernet tangu 1995 zinaitaka kadi ichukue nusu.

Ping hupita kwa sababu pakiti zake ni ndogo na chache, hivyo ni nadra pande mbili kutuma kwa pamoja. Faili kubwa linapopita, swichi hurudisha pakiti za kuthibitisha mapokezi wakati kadi bado inatuma. Kadi hudhani kuna mgongano, hukata fremu (kifurushi cha data) katikati, na swichi hupokea kipande ambacho hesabu yake ya CRC, ya kukagua makosa, haikubali. Tazama `ip -s link show eno1`, safu ya `collsns` (idadi ya migongano): ikiwa inapanda wakati wa kunakili, huna haja ya ushahidi mwingine. Rudisha mapatano ya kiotomatiki pande zote mbili, kisha endesha `ethtool -r eno1` ili mapatano yaanze upya.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila nisingemlaumu aliyelifunga tundu hilo, kwa maana miaka ya 1990 kadi nyingi zilishindwa kupatana na kufunga pande zote mbili kulikuwa busara. Kosa ni kufunga upande mmoja. Kama huruhusiwi kuigusa swichi, nawe funga seva kwa `speed 100 duplex full autoneg off`, ukikumbuka kwamba mpangilio huo hupotea mashine ikiwashwa upya usipouandika katika `/etc/network/interfaces`. Wanaotumia mfumo wa FreeBSD badala ya Linux huandika `ifconfig em0 media 100baseTX mediaopt full-duplex`.

Gigabiti 1 kwenye waya wa shaba haiwezi kufungwa hivyo, kwa kuwa mapatano ni sehemu ya lazima ya kiwango chake. Ndiyo maana jaribio lako lilikata mawasiliano. Tena inahitaji jozi zote nne za nyaya, wakati megabiti 100 hutosheka na mbili. Kagua kebo.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Safu ya `collsns` ilikuwa ikipanda kwa mamia nilipokuwa nikinakili, na tundu la swichi lilikuwa limefungwa kama mlivyosema. Nilipolifungua nilipata dupleksi kamili, lakini kasi ilibaki megabiti 100. Nikachomoa kebo na kukitazama kichwa chake kwenye mwanga: waya wa kahawia ulikuwa umeishia kabla ya kufikia meno ya shaba. Nimekikata na kubana kipya. Sasa `ethtool` inaonyesha `1000Mb/s` na `Full`, na faili la gigabaiti 2 limemalizika kwa sekunde 21.