Akishatoka eda watu wanatoweka: tumpangie vipi mjane anayeishi peke yake?

UkiliTanga
Habari za humu wapendwa. Kikundi chetu cha mtaani (wanawake 7, Tanga) kinataka kuwatembelea wajane wazee waliobaki peke yao. Msibani watu hujaa hadi hakuna pa kukanyaga, arobaini bado wapo, na eda ile ya miezi 4 na siku 10 kuna wa kumwendea sokoni. Akitoka eda tu, kila mmoja anaona shughuli imekwisha, na ndipo nyumba inapomzidi ukubwa. Twende mara ngapi? Tuzungumze nini? Na yule anayesema "nashukuru, sijambo, msijisumbue" kisha akafunga mlango, tumfanyeje?

Muuguzi_Zamu
Dada Ukili, mmeona penye tundu hasa. Nendeni mara 1 kwa wiki, siku ile ile, saa ile ile, watu 2 wale wale. Msizungushe zamu kwa wote 7. Kila wiki akiingia mgeni, bibi anaanza upya: marehemu aliugua lini, alikata roho saa ngapi. Mtakuwa mnamrudisha matangani kila mara. Saa kumi alasiri panafaa, na dakika 45 hadi saa nzima zinatosha. Usiku ndio mgumu kwao, hasa baada ya isha, wakati mume alikuwa akirudi msikitini. Hapo simu ya dakika 5 ina uzito kuliko kilo ya sukari.

Kinachoua vikundi hivi ni kasi ya mwanzo. Wiki ya kwanza mnakwenda mara 4, mwezi wa tatu hakuna anayebisha hodi, naye anaachwa mara ya pili. Mkishindwa kufika, apate taarifa kabla ya saa yenu, maana ameshatandika mkeka anasubiri.

AfyaYaMzee
Kuhusu anayefunga mlango: msiharakishe kusema ana kiburi au ana majini. Tafuteni kilichomrudisha ndani. Mara nyingi ni masikio. Penye watu wengi anasikia vumi tu, anajibu ndivyo sivyo, watu wanacheka, kesho haendi. Kama ni nta, na sikio haliumi wala halitoi usaha, matone 2 au 3 ya mafuta ya zeituni mara 2 kwa siku, kwa siku 3 hadi 5, huilainisha. Kisha zahanati waangalie ndani. Njiti za pamba huisukuma ndani zaidi. Mkiongea naye kaeni mbele yake penye mwanga, redio izimwe, semeni polepole. Kupiga kelele kunaharibu maneno.

Jingine ni mkojo usiozuilika, na hili hawezi kulitamka. Anapiga hesabu: kutoka hapa hadi kwenye maulidi hakuna choo, kanga italowa mbele za watu. Mwanamke wa rika lake amuulize faraghani, kisha bibi akapimwe, kwani pengine ni maambukizi au kisukari.

Halafu michango na sare. Asiye na hela ya kitambaa hujiondoa harusini kabla hajaondolewa. Kikundi kikitamka wazi kwamba wajane wazee wanachangia kuchambua mchele badala ya pesa, watakuja.

UkiliTanga
Shukrani sana. La mkojo hatukuliwaza kabisa. Na mazungumzo? Dakika 10 tu maneno yanakwisha, tunabaki kutazamana.

UstawiMtaani
Yanakwisha kwa sababu mikono imekaa bure, na kwa sababu mnakwenda kutoa tu. Anayepokea kila wiki asirudishe kitu huona aibu. Nendeni na haja. Bebeni ukindu uliochanwa na kutiwa rangi, mwambieni: "Shikamoo bibi, ukili wetu unakwenda upande, tuelekeze." Ataushika, atafumua mlipokosea, atauliza nani aliwafundisha vibaya hivi, na maneno yatatoka macho yakiwa kwenye ukili. Mambo mazito husemeka vizuri zaidi hivyo.

Zimbabwe wamelifanyia kazi. Mwaka 2006 Dkt. Dixon Chibanda alianza na bibi 14 jijini Harare, wakafunzwa kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki. Mtu anataja matatizo yake yote, anachagua moja, anapanga hatua moja ndogo, anarudi kueleza imekwendaje. Baadaye anaingia kwenye kundi la akina mama wanaofuma mikoba huku wakizungumza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa watu 573 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa benchini walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Zanzibar nako mpango huo umefika. Kwenu hatua ndogo inaweza kuwa hii: wiki hii bibi aende dukani mwenyewe mara 1, akae barazani hapo angalau robo saa.

Muuguzi_Zamu
Lisisahaulike hili. Zikipita wiki 2 bibi hali chakula vizuri, hapati usingizi, hata ukili hautaki, au akisema anatamani kumfuata marehemu, muulizeni wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo, dawa za marehemu zilizobaki kabatini ziondolewe, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na mtu anayemwamini.