Kung'ata kucha ukubwani: shubiri na pilipili zimeshindwa, kuna njia gani?

MkunaNazi
Wakuu, salaam. Mtu mzima aliyezoea kung'ata kucha tangu utotoni anaachaje? Ushauri ni uleule kila siku: paka shubiri, paka muarobaini, paka pilipili. Ukinawa mikono ule, dawa imeondoka, na kucha zinarudi mdomoni, hasa mpira ukiwa kwenye dakika za majeruhi au kazi ikikwama kwenye kompyuta. Kuna utaratibu wenye hatua, au ni kujikaza tu? Na hizi siku 21 wanazosema zinatosha kubadili tabia ni za kweli?

Fundi_Tabia
Kujikaza hakusaidii hapa, mkuu, kwa sababu mkono unafika mdomoni kabla mwenyewe hajajua. Uchungu nao unakushtua kucha ikiwa tayari iko menoni, tena ukizidi siku chache ulimi unauzoea.

Utaratibu upo. Waliouweka ni wanasaikolojia wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, mwaka 1973, na kiini chake ni kuupa mkono kazi nyingine.

Siku 3 au 4 za mwanzo usijizuie. Kila ukijikuta unang'ata, andika kwenye simu: saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, mkono gani, kidole gani. Zaidi ya yote, andika kilichotangulia. Wengi hawaanzi na meno. Kidole gumba ndicho kinachoanza kupapasa kucha za vidole vya jirani kikitafuta penye mkwaruzo. Kikipapata, mkono unapanda kidevuni, halafu mdomoni. Pa kuuwahi ni pale pale kwenye kupapasa.

Ukikifuma kidole kinapapasa, kunja ngumi na uiweke pajani au ubavuni, dakika 1 hadi 3. Ikaze kiasi tu, isiume. Kama umeshika kalamu au usukani, kaza hivyo hivyo ulivyoshika. Zoezi lolote utakalochagua liwe haliwezekani kufanywa huku unang'ata, lisivute macho ya watu, na lisihitaji kifaa. Ndiyo maana bigijii si jibu kamili: mdomo una kazi lakini mkono uko huru.

Wanapokosea wengi ni pawili. Wanasubiri mpaka wameshang'ata ndipo wakunje ngumi, au wanakunja sekunde 5 na kuachia. Hamu hupanda kisha ikashuka yenyewe. Ukiachia mapema unaiachia ikiwa juu. Ukishang'ata pia kunja, maliza dakika yako, uendelee na shughuli. Usiseme siku imeharibika ukamalizia vidole vilivyobaki.

Tafuta na mtu mmoja wa nyumbani mkubaliane neno la kukumbushana, kwa sauti ya chini. Kukaripiwa mbele za watu kunaongeza wasiwasi, na wasiwasi ndio unaopeleka mkono mdomoni.

Bi_Kizimkazi
Fundi kamaliza upande wa mkono, mimi niseme kuhusu kucha yenyewe. Kucha yenye kingo zilizochongoka inajitafutia kung'atwa. Tembea na tupa ndogo ya kucha, ukingo ukikwaruza unausawazisha palepale: toka pembeni kwenda katikati, usipeleke na kurudisha kama msumeno, kucha itachanika. Kigozi kilichochomoka pembeni kikate kwa mkasi mdogo kwenye shina. Ukikivuta kinachana hadi kwenye nyama, na vijidudu vinaingilia hapo. Usiku paka mafuta ya nazi au vaselini kuzunguka kucha zote. Ngozi laini haina cha kupapaswa.

Kucha ya mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo iliyoliwa sana inahitaji takriban miezi 6 kujaa. Wiki ya pili usitazame urefu, tazama ngozi ya pembeni, hiyo ndiyo inayopona kwanza.

Kidole kikivimba, kikawa chekundu na kupwita, huyo ni mdudu wa kidole. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15, mara 3 au 4 kwa siku. Ukiona usaha au wekundu unasambaa, nenda zahanati, usitumbue kwa pini. Mwenye kisukari asingoje, aende mapema.

Msomaji_Pwani
Za siku 21: chanzo ni Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa kurekebisha sura. Mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walichukua walau siku 21 kuizoea sura mpya. Watu wakaichukua namba, "walau" wakaiacha. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London ulifuatilia watu 96 kwa wiki 12. Makadirio ya katikati ya muda wa tabia kujiendea yenyewe bila kuifikiria yalikuwa siku 66, mwepesi kuliko wote 18, mzito 254 (hiyo ilikadiriwa kwa hesabu, maana wiki 12 ni siku 84 tu). Halafu wale walikuwa wanajenga tabia ndogo kama kunywa maji au kula tunda, hawakuwa wanaacha kitu. Jambo moja zuri: kuruka siku moja hakukuwarudisha nyuma kwa maana. Ningekushauri uache kuhesabu siku. Hesabu mara ulizong'ata kwa wiki, ulinganishe na zile kumbukumbu za mwanzo.

MkunaNazi
Asanteni sana. Na mtoto wa miaka 5?

Fundi_Tabia
Umri huo hatajiandikia kumbukumbu, na ukimkemea ndiyo anazidi. Kucha zake zikatwe fupi kila wiki. Wakati wa katuni mpe udongo afinyange, na mikono ikitulia umsifu hapo hapo. Pilipili hapana, atafikicha macho. Kama usiku anajikuna sehemu ya haja kubwa, mpeleke akapimwe minyoo midogo ile myeupe: mayai yake hukaa chini ya kucha, akizing'ata anayameza upya, na ikigundulika dawa hunywewa na nyumba nzima kwa pamoja.