Seti ya Mohammed Rafi: ya miaka ya 50, ya 60 au ya 70?

MtuWaNgamiani
Wakuu, salaam. Nataka kumnunulia mzee nyimbo za Mohammed Rafi, yule mwimbaji wa picha za Kihindi. Muuzaji ana seti tatu, bei ni moja: ya kwanza nyimbo za picha za miaka ya 50, ya pili miaka ya 60, ya tatu miaka ya 70 mpaka alipofariki. Hela inatosha seti moja. Ipi nichukue? Jamaa kasema hanishikii zaidi ya Ijumaa.

Fundi_Sindano
Mkuu umeuliza nusu. Seti ya nini? Santuri, CD, kanda au flashi? Mzee ana mashine gani? Kama ni santuri, ni za 78 (zile za zamani, mizunguko 78 kwa dakika) au LP? Sindano ya LP ina ncha nyembamba, mikroni 18 hivi. Ukiiweka kwenye sahani ya 78 inazama mpaka chini ya mfereji, unasikia mchakacho na sauti kwa mbali. Sahani ya 78 inataka ncha ya mikroni 70 na kitu. Tena wauzaji wengi husafisha sahani kwa spiriti. LP inavumilia, lakini 78 ni ya shelaki (aina ya utomvu mgumu), na spiriti inayeyusha shelaki. Ikishapauka hairudi.

Dholak78
Na la pili: mzee anampenda steringi gani? Rafi hachaguliwi kwa mwaka, huchaguliwa kwa steringi na kwa mtunzi wa muziki. Kwenye picha za Kihindi steringi anafuatisha mdomo tu, sauti ni ya mwimbaji, na Rafi alikuwa anabadilisha koo kumfuata anayemwimbia. Sikiliza Pyaasa ya 1957, muziki wa S.D. Burman. Steringi Guru Dutt anaimbiwa kwa uchungu, sauti imeminywa mpaka mwisho ndipo inapasuka. Picha hiyohiyo, mchekeshaji Johnny Walker anauza huduma ya kukanda vichwa, na Rafi huyohuyo anaimba kama mchuuzi wa barabarani. Asiyejua atadhani ni watu wawili.

Kwa watunzi, miaka ya 50 ni Naushad zaidi. Picha ya Baiju Bawra ya 1952 ndiyo iliyompandisha: O Duniya Ke Rakhwale kwa raga (mahadhi ya kiklasiki ya Kihindi) ya Darbari, Man Tarpat kwa raga ya Malkauns. Hapo alikuwa na miaka 27 tu, kwani kazaliwa 24 Desemba 1924 Kotla Sultan Singh, karibu na Amritsar, akakulia Lahore, akahamia Bombay 1944. Miaka ya 60 ni Shankar-Jaikishan, O.P. Nayyar, Ravi, na mwanzo wa Laxmikant-Pyarelal. Miaka ya 70 ni Laxmikant-Pyarelal zaidi, na R.D. Burman.

Kishore_Daima
Okoa hela yako, nunua mwimbaji mwenzake, Kishore Kumar. Ikifika 1969 na picha ya Aradhana, kazi ya Rafi imekwisha. Kishore kaimba tatu, Rafi mbili. Roop Tera Mastana ikachukua Filmfare, tuzo ya filamu za Kihindi, na Kishore akazoa nane kwa jumla. Rafi anazo sita.

Dholak78
Sita hizo zihesabu vizuri. Nne za mwanzo, kuanzia Chaudhvin Ka Chand ya 1960 mpaka Baharo Phool Barsao ya 1966, alizipata wakati tuzo ilikuwa moja tu kwa wanaume na wanawake pamoja. Alikuwa anashindanishwa na waimbaji wa kike, Lata na Asha. Nane zote za Kishore ni za baada ya tuzo kutenganishwa. Na kabla hujaendelea, tafuta picha ya Raagini ya 1958. Kishore ndiye steringi, lakini ulipokuja wimbo wa kiklasiki, O.P. Nayyar alimwita Rafi amwimbie Kishore. Man Mora Bawra. Iko wazi.

Kishore_Daima
Wimbo mmoja huo ndio mnaokufa nao kila siku.

Kibwagizo
Rudini kwenye swali jamani. Mimi naogopa kitu kimoja kuliko mwaka: seti "zilizosafishwa". Kuna moja ilinifikia, jalada zuri, jina la Rafi kubwa, nyimbo za miaka ya 50 na 60. Kufungua, kila wimbo umewekewa ngoma za mashine juu ya rekodi ya zamani. Tabla na dholak za asili, ngoma za Kihindi, zimefunikwa, zinasikika kama ziko chumba cha pili. Tatizo ni kwamba rekodi zile ni za mono, sauti na ala zote ziko kwenye mstari mmoja, hakuna namna rahisi ya kuzitenganisha. Basi aliyeongeza ngoma alilazimika kupunguza sehemu za chini za rekodi nzima ili ngoma yake ipate nafasi, na Rafi akabaki na sauti ya puani. Halafu nyimbo zile zilipigwa na bendi iliyokuwa ikivuta na kuachia mwendo, mashine haivuti wala haiachii. Ukifika ubeti wa pili ngoma iko mbele, mwimbaji yuko nyuma. Na mwendo wenyewe uliongezwa kidogo ili wimbo uchangamke. Kwa asilimia 3 tu, sauti inapanda nusu ya nusutoni. Kwa mtu aliyeusikia wimbo tangu utoto, anajua kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja.

Juu ya hapo kuna stereo ya kubuni, yaani rekodi ya mono iliyogawanywa kushoto na kulia. Kipimo chake ni rahisi: piga kwa spika mbili, kisha ubonyeze kitufe cha mono. Ikiwa sauti ya mwimbaji inapwaya au inasikika kama iko ndani ya pipa, hiyo stereo imetengenezwa kwa ujanja. Rekodi ya mono ya kweli haibadiliki.

Kwa hiyo mkuu kabla ya kulipa mwambie muuzaji apige wimbo mmoja wa kabla ya 1965. Sikiliza utangulizi na vipande vya ala katikati ya beti. Kama ngoma inaenda pale pale bila kupumzika, acha.

Fundi_Sindano
Ongeza: geuza jalada, soma jina la mwimbaji kwa nyuma. Baada ya 1980 walikuja waliofuata njia yake, Mohammed Aziz, Shabbir Kumar, baadaye Sonu Nigam ambaye kaziimba upya nyimbo nyingi za Rafi. Wana heshima yao, ila picha ya Rafi kwa mbele haina maana ni Rafi ndani.

BintiMvita
Kwani lazima seti? Kuna redio ya Carvaan ya Saregama, kampuni ya muziki ya India, imetoka 2017, ina nyimbo 5,000 ndani, unazungusha kitufe unachagua mwimbaji. Haitaki intaneti na ina tundu la flashi. Mtu mzima hahitaji kubadilisha CD kila mara.

Halafu huku Mombasa wengi walimjua Rafi kupitia kwa mwimbaji wetu wa taarabu, Juma Bhalo, kabla ya kumjua Rafi mwenyewe. Mahadhi ya Kihindi, maneno ya Kimvita, harusi haziishi.

Mpiga_Kanuni
Bi mkubwa, hayo ni ya Mombasa. Unguja taarabu ilifuata Misri, okestra ya fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi. Kuchukua wimbo wa picha na kuuvisha maneno si utunzi.

BintiMvita
Maneno ya Bhalo yapimwe kwa maneno, kaka. Mahadhi ya Misri nayo mliyatunga Malindi na Vuga, hapo Unguja?

Mpiga_Kanuni
Hahaha. Haya, nimenyamaza.

MtuWaNgamiani
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Ni CD, kila seti ina tano. Mzee ana redio ya CD ya kawaida, spika mbili. Ana miaka 76. Steringi hamkumbuki jina, ila kila siku anaisimulia picha moja: jamaa yuko kwenye mtumbwi ziwani, binti yuko mtumbwi mwingine, jamaa anajirusharusha huku anaimba mpaka anaanguka majini.

Dholak78
Imekwisha hiyo. Kashmir Ki Kali, 1964, Shammi Kapoor na Sharmila Tagore, ziwa Dal kule Srinagar. Wimbo ni Taarif Karoon Kya Uski, muziki wa O.P. Nayyar. Shammi mwenyewe alisimulia kwamba yeye ndiye aliyetaka ule mstari urudiwe na kurudiwa mwishoni, Nayyar akaona utachosha, Rafi akasema atauimba. Sikiliza kila marudio: mkazo unahama, mara neno la kwanza, mara la mwisho, hakuna mawili yanayofanana. Kwa hiyo seti ya 60. Ila hakikisha wimbo huo haukufifishwa kabla marudio hayajaisha, maana mzee atangoja pale pale.

Angalia pia kama ina Junglee, Teesri Manzil na Brahmachari. Zote Shammi.

Kibwagizo
Na usishangae seti ya 60 ikiwa na Suman Kalyanpur mwingi na Lata kidogo. Rafi na Lata waligombana mwanzoni mwa muongo ule. Lata alitaka waimbaji wapate fungu la mauzo ya santuri, Rafi akasema mwimbaji akishalipwa ujira wake basi. Wakaacha kuimba pamoja miaka kadhaa, Suman akaziba pengo, na Aajkal Tere Mere Pyar Ke Charche ni yeye. Wengi wanaapa ni Lata.

Kishore_Daima
Rafi mgomvi kumbe. Na ile barua yake ya kudai kaimba nyimbo 28,000?

Dholak78
Hiyo ni baada ya Guinness, kile kitabu cha rekodi za dunia, kumwandika Lata 25,000 mwaka 1974. Waliohesabu picha kwa picha hawafiki nusu ya namba hizo kwa yeyote kati yao. Lakini usiseme Rafi alikwisha 1969. Kya Hua Tera Wada ya 1977 ilimpa Filmfare na tuzo ya taifa. Mwaka huohuo, kwenye Amar Akbar Anthony, yupo Rafi, Kishore, Mukesh na Lata katika wimbo mmoja, kila mwanamume anamwimbia steringi wake. Alipofariki 31 Julai 1980 alikuwa bado anarekodi kwa Laxmikant-Pyarelal.

Kishore_Daima
Mukesh mmemsahau uzi mzima.

BintiMvita
Mukesh anataka uzi wake. MtuWaNgamiani, umeshaijaribu hiyo seti kwa kitufe cha mono?

MtuWaNgamiani
Redio ya muuzaji haina kitufe hicho. Nimesikiliza Junglee, ile kelele ya "Yahoo" inatoka kushoto tu. Ndiyo ubaya wenyewe au ndivyo ilivyo? Na mbona haifanani na sauti ya Rafi?

Dholak78
Kelele si ya Rafi, ni ya Prayag Raj. Rafi anaingia baada yake. Lakini picha ya 1961 kutoka kushoto tu, hapo mwulize Kibwagizo.