Mjadala: vyuma vya madaraja tuagize nje au vitengenezwe hapa? Kumbukeni hata mkoloni aliagiza Marekani

Wadau, kila serikali ikitangaza daraja jipya tunarudi palepale. Kundi moja linasema mihimili ya chuma ikitoka nje ni kuwanyang'anya vijana wetu kazi, kundi la pili linasema wacheni siasa, nunueni penye bei poa na mzigo unafika mapema. Halafu lazima atokee mmoja aseme mkoloni alijenga na chuma cha kwao Uingereza ndio maana madaraja yake yamekaa. Nianze na huyu, kwa sababu hiyo historia haiko hivyo kila mahali.

Reli ya Uganda ilianzia Mombasa 1896, ikafika Kisumu Disemba 1901. Pale pabaya zaidi palikuwa kutoka Bonde la Ufa kupanda milima ya Mau halafu kuteremka Ziwa Victoria, mabonde baada ya mabonde, na huko yalitakiwa madaraja marefu ya chuma 27. Sasa angalieni, pesa ni ya mlipa kodi wa Uingereza, kamati inayosimamia imekaa London chini ya wizara yao ya mambo ya nje, mainjinia ni wao, viwanda vya chuma wanavyo vya kumwaga, lakini zabuni ilipofunguliwa kazi ikaenda kwa American Bridge Company ya Marekani! Vyuma vikakatwa na kutobolewa ng'ambo, vikaja na meli mpaka Mombasa, vikapandishwa treni mpaka Mau vikaunganishwa huko. Wenye viwanda Uingereza walipiga kelele hadi bungeni kwao, maneno yaleyale tunayoyasikia hapa leo, kazi zetu, pesa zetu, aibu kwa taifa.

Na haikuwa mara ya kwanza. 1899 Kitchener, jenerali wa Uingereza, alitaka daraja la reli la mto Atbara kule Sudan haraka haraka, viwanda vya kwao vikataka miezi mingi, kiwanda cha Pencoyd kule Pennsylvania kikasema sisi tunaweza kwa wiki chache, basi kikapewa, na mwezi wa nane mwaka huohuo daraja likafunguliwa. Siri ya Wamarekani ilikuwa vipimo. Wao walikuwa na saizi zao za kawaida, vyuma viko stoo, michoro iko tayari, wewe sema tu mto una upana gani. Kwa Waingereza kila injinia mshauri alitaka kuchora daraja lake upya kama fundi suti, kiwanda kinangoja mchoro, na juu ya hapo oda zilikuwa zimerundikana baada ya ule mgogoro wa mabosi na mafundi wa 1897 mpaka 1898 uliofunga karakana nyingi.

Kwa hiyo hoja ya kwamba kuagiza nje ni udhaifu, mimi siikubali. Dola kubwa kuliko zote wakati ule iliagiza.

Lakini msiruke kwa furaha nyinyi wa upande wa pili, kwa sababu kuna kitu mnakificha. Mkoloni aliweza kumwambia mtu wa kwao "hapana, umechelewa na uko ghali" kwa sababu pesa ilikuwa mfukoni mwake. Sisi je? Chukueni SGR, ile reli mpya ya Kenya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria 2017. Sehemu kubwa ya mkopo ni ya Exim Bank, benki ya serikali ya China, mkandarasi ni China Road and Bridge Corporation, na hakukuwa na zabuni ya wazi ya kushindanisha makampuni ya dunia, ndio sababu kesi ilienda mpaka mahakamani. Hapo nani ameagiza? Unayemkopa ndiye anayekuuzia, na ndiye anayekujengea. Kuagiza nje ni sawa, ila kuagiziwa ni jambo lingine kabisa, na naona tunayachanganya haya mawili kila siku.

Sasa wale wa tujenge na chuma chetu, hebu tuongee ukweli. Viwanda vyetu vinatoa nondo, mabati, mabomba na vyuma vyembamba vya pembe. Ile mihimili mizito ya daraja la reli havitoi. Ukipitisha sheria kesho kwamba lazima itoke hapa, mkandarasi atanunua mabamba nje vilevile, atayakata na kuyachomelea hapa, aandike "imetengenezwa Kenya". Na mimi sina shida na hilo! Kukata, kutoboa, kuchomelea, kupiga rangi, ndiko ajira iliko na ndiko ujuzi unakobaki. Kinachonitia wasiwasi ni ukaguzi. Lile daraja la reli la Victoria Falls la 1905, kati ya Zambia na Zimbabwe, chuma chake kilitoka Darlington Uingereza kupitia bandari ya Beira kule Msumbiji, na kabla ya kupakiwa kilijaribiwa kuunganishwa palepale uwanjani kwa kiwanda. Hata hivyo pande mbili zilipokutana katikati ya korongo zilikataa kuingiana kwa sababu jua lilikuwa limetanua chuma, wakangoja asubuhi kukiwa na baridi ndipo zikaingia. Ndio muone hesabu zilivyokuwa za karibu karibu. Sasa mhimili ukichomelewa vibaya hapa na mkaguzi amepewa bahasha, hiyo bendera ya Kenya uliyobandika haitashika treni.

(Na tusimsifie mkoloni kupita kiasi. Haraka yake ilikuwa ya kuwahi ziwa, na kati ya vibarua kama 32,000 walioletwa kutoka India kwa reli hii, karibu 2,500 walikufa.)

Msimamo wangu: mabamba mazito yatoke popote kwa zabuni ya wazi, kazi ya karakana ifanyike hapa, mkaguzi asilipwe na mkandarasi wala na mkopeshaji. Mnaopinga, nijibuni hivi: zabuni ikifunguliwa kweli, kampuni ya nje ikaleta daraja zima miezi minane mapema na kwa bei ya chini, mtaikataa? Na nyinyi wa bei poa, mkopo ukija na jina la muuzaji limeshaandikwa ndani, mtasaini?