Naomba ushauri: kuweka akiba ya nafaka katika nyumba ya kupanga

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Mimi na mke wangu tuna mtoto wa miaka miwili, tunaishi Dodoma katika vyumba viwili vya kupanga, na mwaka huu tumeamua kununua mahindi na maharage wakati wa mavuno badala ya kupimiwa unga kilo mbili mbili dukani.

Mwaka jana tulijaribu tukashindwa. Tulinunua gunia la kilo 100, tukaliegemeza ukutani juu ya sakafu, na baada ya miezi mitatu nilipoingiza mkono ndani, ulitoka umejaa vumbi jeupe: dumuzi, wale wadudu wanaotoboa nafaka, walikuwa wametutangulia. (Mama mkwe alicheka sana, kisha akatuletea debe moja.)

Safari hii nimejifunza kupima ukavu kwa kutikisa punje na chumvi kavu ndani ya chupa, kwani chumvi ikinata kwenye kioo ni dalili kwamba mahindi bado yana unyevu na yanaweza kuota ukungu wenye sumukuvu. Swali langu ni hili: je, ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inafaa hata kama tutakuwa tukiifungua kila wiki ili kuchota, au ni afadhali tugawe nafaka katika madumu madogo na kufungua moja moja? Dawa ya unga ya kuua wadudu ningependa kuiepuka kwa sababu ya mtoto, ila mwenye uzoefu nayo nitamsikiliza.