Tupeane uzoefu: programu imejengeka, nyaraka zimegoma

Salaam alaikum wakuu wa pwani na kwengineko.

Nafundisha vijana kompyuta hapa Lamu mjini. Mtandao ukilala, mwongozo uliomo ndani ya mashine ndio tegemeo letu. Kwa hiyo naumia mtu akijenga programu huria kutoka msimbo chanzo, `make install` (amri ya kuisakinisha) ikapita salama, kisha akiandika `man` (amri ya kufungua mwongozo) hapati hata ukurasa mmoja. Programu nyingi huziwekea nyaraka amri ya peke yake, na amri hiyo hudai zana ambazo programu yenyewe haizihitaji.

Naanza na PostgreSQL, programu ya hifadhidata, toleo la zamani kidogo. `make install` haigusi nyaraka. Nikatumia `make install-docs`. Kazi ikasimama kimya, bila kosa lolote kwenye skrini. Kumbe xsltproc, zana inayogeuza nyaraka kuwa kurasa, haikuzikuta faili za DocBook (muundo ulioandikiwa nyaraka hizo) kwenye mashine, ikatoka kuzitafuta intaneti, na intaneti siku hiyo ilikuwa jina tu. Dawa yake kwenye Debian na Ubuntu ni kusakinisha `docbook-xml` na `docbook-xsl` kabla ya kuanza. Xsltproc pia ina chaguo la `--nonet`: faili zikikosekana inakwambia papo hapo badala ya kukuweka ukingoja.

Haya, leteni yenu.

Wa Langoni, Lamu
Maalim, yangu ilikuwa `makeinfo`, zana inayotengeneza mwongozo wa `.info`. Ndugu yangu wa Malindi alinipakulia programu moja ya GNU, akaifungua hukohuko na kuninakilia folda nzima kwenye flashi. Ikaja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti. Kuijenga, `make` inasema makeinfo haipo. Nikashangaa, maana kifurushi cha toleo rasmi huja na faili za `.info` zimeshatengenezwa.

Tatizo lilikuwa saa za faili. Kunakili kulizipa faili zote saa mpya, zile za `.texi` (chanzo cha mwongozo) zikaonekana zimebadilishwa baada ya `.info`, na `make` ikaamini lazima itengeneze upya. Nilizigusa za `.info` kwa `touch`, ujenzi ukaendelea. Siku hizi namwambia aniletee tar ileile (kifurushi chenyewe) bila kuifungua, maana ndani yake saa zimehifadhiwa. Kama una bando la kutosha, sakinisha `texinfo`, yenye makeinfo ndani yake, na yaishe.

Wa Barani, Malindi
Mimi kurasa zilikuwepo kabisa ila `man` haizioni. Sina ruhusa ya rooti (msimamizi wa mfumo) kwenye seva ya kazini, kwa hiyo nilijenga kwa `--prefix=$HOME/programu` (folda yangu ya kuwekea programu) na kuendesha programu kwa kuandika njia yake yote. Nilipoongeza `$HOME/programu/bin` kwenye PATH (orodha ya folda za amri), zikaonekana bila kugusa MANPATH (orodha ya folda za mwongozo). Man-db, programu iliyo nyuma ya `man`, huangalia kila folda iliyomo kwenye PATH, kisha hutafuta `share/man` iliyo jirani yake. Andika `manpath` ujionee inakotafuta.

Wa Shela
Kwa wanaotumia kontena za Ubuntu (mazingira madogo yaliyotengwa ndani ya mashine): `man` yenyewe inaweza kuwa si ile ya kweli. Picha zile (nakala za mfumo zinazoanzishia kontena) zimepunguzwa, na ukiiita inakujibu tu kwamba mfumo umepunguzwa. Amri ya kurudisha ni `unminimize`. Nimeona vijana wawili wakilaumu Makefile (faili ya maagizo ya `make`) isiyo na hatia.

Wa Maweni, Malindi
Wakuu, mimi bado nimekwama. Nimejenga Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, sasa nataka mwongozo wake. `make install-doc` inadai asciidoc na xmlto, zana za kutengeneza kurasa za mwongozo. Nikiziomba kwa apt (kisakinishi cha Debian na Ubuntu), zinataka kuburuta na LaTeX (mfumo mkubwa wa kupanga maandishi) juu, na bando langu halibebi mzigo huo. Nifanyeje?

Maalim (mwenye uzi)
Pole ndugu yangu, hilo lina njia mbili. Ya kwanza, ongeza `--no-install-recommends` kwenye apt, vile vinavyopendekezwa tu visije. Ya pili ndiyo naipenda kwa huku kwetu: wenye Git wana hifadhi nyingine, `git-manpages`, yenye kurasa zilizokwisha kutengenezwa. Ichukue uiweke ubavuni mwa folda ya msimbo wa Git, si ndani yake. Kisha ingia kwenye folda ya msimbo, uandike `make quick-install-man` kwa prefix ileile uliyojengea. Hakuna asciidoc wala xmlto itakayoitwa. Ikikataa, tuletee hapa maneno ya kosa kama yalivyo.