Makocha mnaowafundisha watoto kuchamba wenzao kwenye kriketi, mnajenga nini hasa?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira, na naomba mnisome hadi mwisho kabla hamjaanza kuniambia eti "huo ndio mchezo".

Nazungumzia kriketi ya watoto. Chini ya miaka 13. Watoto ambao pedi zinawafika mapajani na helmeti zinawacheza kichwani, ambao wakipiga mpira vizuri bado wanageuka kumtafuta mama yao kwa macho. Hao ndio wanachambwa uwanjani, yaani wanatupiwa maneno ya dhihaka, ova baada ya ova (ova ni mizunguko ya mipira sita sita). Wanaowachamba ni watoto wenzao, na nyuma ya watoto hao kuna mtu mzima aliyesimama pembeni ya mpaka, mikono kiunoni, anaona sifa.

Mimi ndiye nashika daftari la alama kwenye timu anayochezea mpwa wangu. Kazi ile ina jambo moja: unatazama kila mpira, na baada ya muda watu wanasahau kwamba upo. Viwanja vya watoto ni vidogo, meza yangu iko karibu na mpaka, kwa hiyo nasikia mengi ambayo wazazi waliokaa kivulini hawayasikii.

Timu pinzani siitaji jina, wala kocha wao. Wanajijua. Walipoingia kulinda, zile ova za mwanzo watoto wao walikuwa wapole kabisa. Mpigaji wetu mmoja alidondosha glavu, na mlinda wiketi wao, yule anayesimama nyuma ya mpigaji, akamwokotea, akamkung'utia vumbi, akampa. Nilimwona kwa macho yangu. Kisha kocha wao akapaza sauti: "Mbona siwasikii? Nataka maneno! Nikimwona mtu kimya namtoa!" Watoto wakatazamana. Mmoja akaanza kwa aibu aibu, "Huyu hajui kupiga huyu." Kocha akapiga makofi. Basi, ikawa imefunguliwa. Ndani ya muda mfupi yule yule aliyeokota glavu ndiye alikuwa anaongoza kwaya.

Kwa hiyo msiniambie watoto ni watoto. Mtoto aliyeachwa na akili yake aliokota glavu. Aliyechamba tulimwona akifundishwa mbele yetu.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mpwa wangu ana kigugumizi. Akiwa ametulia anaongea vizuri tu, akiharakishwa maneno yanamkwama. Kwa wasiojua kriketi: wapigaji wanakuwa wawili, kila mmoja upande wake, na hawawezi kukimbia bila kuitana. "Ndiyo" maana yake njoo, "hapana" maana yake rudi, "subiri" maana yake tuone kwanza. Mpira ukienda mbele ya mpigaji, kwa kawaida yeye ndiye anaita. Mwito ukikosewa, mmoja anabaki katikati, wiketi (vile vijiti vitatu vya kila upande) inavunjwa kwa mpira, naye anatolewa. Mtoto wetu amelifanyia kazi jambo hilo kuliko hata mapigo yake, kwa sababu anajua udhaifu wake uko hapo.

Mlinda wiketi alikigundua haraka. Mpwa wangu akiita "Su-su-subiri", huyu nyuma yake anaiga. Aliyesimama slipi, kando ya mlinda wiketi, naye anaiga. Wa pembeni anamalizia kwa kicheko. Kila mpira. Nikamtazama kocha wao, naye alikuwa amegeuka upande wa pili, mabega yanamcheza kwa kucheka. Mwamuzi yuko hatua chache tu kutoka hapo na yeye anahesabu mipira yake.

Mtoto akaacha kuita. Akawa anatikisa kichwa tu. Halafu ukaja mpira alioupiga taratibu ukaenda mikononi kwa mlinzi wa karibu, hakuna mkimbio hapo hata kwa bahati. Akafungua kinywa kusema hapana, ikamkwama, "Ha-ha...", na nyuma yake mlinda wiketi akapaza sauti ile ile ya kuiga, kigugumizi chake chote: "Ndi-ndi-ndiyo!" Mwenzake akachomoka. Alikuwa amevuka nusu ya njia alipomwona mwenzie kasimama palepale. Mpira ukarushwa upande wa mrushaji, wiketi ikavunjwa, mwamuzi akanyanyua kidole.

Yule mtoto aliyetolewa alipita kando ya mpwa wangu machozi yakimtoka, akamwambia: "Si umeniita mwenyewe!" Na huyu hakuweza kujibu. Ilinibidi niandike kwenye daftari, kwa mkono wangu, kwamba mchezaji ametolewa akikimbia.

Tuweke hisia kando kidogo, maana hapa ndipo hasira yangu inapopata miguu. Wiketi ile, yaani kule kumtoa mchezaji, haikuwa halali. Sheria za kriketi zinatunzwa na klabu ya MCC kule London, na Sheria ya 41 inasema wazi kuwa mlinzi hana ruhusa ya kumvuruga wala kumdanganya mpigaji yeyote kwa makusudi, kwa neno au kwa kitendo, baada ya mpira kumfikia mpigaji. Mwamuzi akiona ni makusudi anatangaza mpira umekufa, hakuna anayetolewa, timu inayopiga inapewa mikimbio 5 ya adhabu (mikimbio ndiyo alama za kriketi), mpira ule hauhesabiwi kwenye ova, na wapigaji wenyewe wanachagua nani apokee unaofuata. Na kumvuruga kabla mpira haujamfikia, yaani yale maneno ya kumtupia wakati mrushaji anakuja mbio, nako kuna kifungu chake humo humo, na mikimbio 5 ile ile.

Halafu kuna Sheria ya 42, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2017 kwa sababu tabia viwanjani zilikuwa zimeoza na waamuzi hawakuwa na silaha. Ina ngazi nne. Lugha ya matusi au ya kudhalilisha inaangukia ngazi ya kwanza: nahodha anaitwa, anapewa onyo la kwanza na la mwisho, na onyo hilo ni la timu nzima hadi mechi iishe. Akirudia yeyote kati yao, mikimbio 5. Tusi likiwa zito ni ngazi ya pili, mikimbio 5 papo hapo bila onyo. Ukitishia kumpiga mchezaji mwenzio unatolewa nje kwa idadi fulani ya ova. Ukimshambulia mtu, mechi imekwisha kwako. Na mwamuzi anatakiwa kupeleka taarifa kwa wenye timu na kwa wasimamizi wa mchezo.

Alama ya kuipa timu inayopiga mikimbio ya adhabu, kwa asiyeijua, ni mwamuzi kugonga bega lake moja mara kadhaa kwa mkono wa upande wa pili. Naijua kwa sababu mshika daftari lazima azijue alama zote na kuziitikia. Kwenye mechi za watoto sijawahi kuiona kwa sababu ya maneno. Hata siku moja. Wanajua kuashiria mpira mpana kwa mbwembwe kama wako kwenye televisheni, lakini mtoto akiigwa kigugumizi mbele ya pua zao, mabega yanakuwa mazito.

Nilimfuata mwamuzi wakati wa mapumziko. Kwa heshima. "Mwamuzi, samahani, ile sauti iliyomwita mtoto haikuwa ya mpigaji." Akanijibu, "Kaka, hawa watoto tu, tuwaache wacheze." Kocha wao alikuwa karibu akadakia: "Wewe ndiye mjomba wake? Mwambie akaze. Kriketi ni mchezo wa akili."

Mchezo wa akili! Mrushaji anayebadilisha kasi bila kubadilisha mkono, huyo anachezea akili yako. Nahodha anayemsogeza mlinzi hatua mbili ili uingiwe na shaka, huyo anachezea akili yako. Hata kelele za kumpa moyo mrushaji wenu, pigeni hadi makoo yakauke, sina neno. "Safi sana, endelea hapo hapo" haijamuumiza mtu. Mimi utani naupenda na vijembe navijua. Lakini utani unataka anayetaniwa apate nafasi ya kurudisha. Mpigaji yuko peke yake na mwenzake mmoja, amezungukwa na watu 11, na anatakiwa awe anatazama mpira. Akijibu anapoteza umakini, asipojibu anaitwa mwoga. Hapo utani uko wapi?

Najua mtaniletea mifano ya wakubwa, basi nianze mimi. Novemba 2013, Brisbane, kipaza sauti cha kwenye wiketi kilimnasa nahodha wa Australia, Michael Clarke, akimwambia James Anderson wa Uingereza ajiandae kuvunjwa mkono. Akakatwa asilimia 20 ya malipo yake ya mechi. Januari 2021, Sydney, nahodha mwingine wa Australia, Tim Paine, alikuwa nyuma ya wiketi akimtolea maneno Ravichandran Ashwin wa India, akimwahidi watakutana mechi inayofuata Brisbane. Siku hiyo hiyo Paine, mlinda wiketi mzima, akadondosha mipira mitatu ya kumtoa mtu. Mechi ikaisha sare. Kesho yake aliomba radhi hadharani. Walipofika huko Brisbane alikojisifia, ambako Australia hawakuwa wamefungwa Test, zile mechi za kimataifa za siku tano, tangu 1988, India wakashinda kwa wiketi 3. Hao ndio walimu wenu wa "maneno"? Mtu mzima mwenye kazi ya kudaka mpira, mdomo ukamshinda mikono.

Na kwa vijana wenyewe tumeshaona inakofikia. Fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 19, Februari 9, 2020, Potchefstroom, Afrika Kusini. Bangladesh wanaifunga India kwa wiketi 3, taji la kwanza la dunia kwa nchi yao, nahodha Akbar Ali kabaki hadi mwisho na mikimbio 43. Ilikuwa siku ya kukumbukwa. Lakini maneno yalikuwa yametembea mechi nzima, na mpira wa mwisho ulipokwisha vijana wakasukumana uwanjani mbele ya dunia. ICC, chama cha kriketi cha dunia, ikawaadhibu wachezaji 5, watatu wa Bangladesh na wawili wa India. Akbar Ali, kijana mdogo tu, alisema wazi kuwa lile halikupaswa kutokea. Kijana aliweza kusema vile. Kocha wetu wa pembeni ya mpaka hawezi.

Jambo jingine ambalo makocha hawa hawalisomi. Mwanzoni mwa kitabu cha sheria kuna utangulizi unaoitwa Roho ya Kriketi, uliowekwa mwaka 2000. Unasema mzigo mkubwa wa kuhakikisha mchezo ni wa haki uko kwa manahodha, lakini unawahusu pia wachezaji wote na waamuzi, na hasa kwenye kriketi ya watoto, walimu, makocha na wazazi. Tumetajwa! Hakuna pa kujificha. Na nyie wazazi mliokuwa mnarekodi kwa simu huku mkicheka, mmo humo pia.

Eti akaze. Mtoto huyo anakaza kila siku anaponyanyua mkono darasani akijua sentensi itamchukua muda kuliko wenzake. Anakaza akiagizwa dukani. Ukakamavu anao kuliko wewe kocha. Alichokikosa siku ile ni mtu mzima mmoja aliyelipwa kusimamia sheria na akaisimamia.

Wala sitaki yule mlinda wiketi mdogo afungiwe. Nasema kweli. Namtaka kocha wake. Mtoto wa umri ule akiambiwa "ukikaa kimya nakutoa" atasema chochote ili abaki uwanjani.

Mechi ijayo nipo na daftari langu. Kabla sarafu haijarushwa nitawaomba waamuzi wawaite manahodha na makocha wa pande zote, wawakumbushe Sheria ya 41 na ya 42 watoto wakisikia. Wetu pia, maana najua wapo wanaotamani kulipiza na sitaki. Kocha atakayekataa aseme sababu yake kwa sauti, wazazi wasikie.

Sasa nauliza wenye uzoefu humu, hasa mliowahi kuwa waamuzi au viongozi wa chama: mwamuzi asipoandika chochote kwenye ripoti yake, taarifa ya mshika daftari inapokelewa? Nimeandika kila kitu, ova gani, mpira wa ngapi, nani alisema nini. Naipeleka kwa nani?